Mkono Huu ni wa Nani?

Siku ya kupiga kura ya masomo, wenzake Falone waliokota vitu vya kueleweka. Clarisse alipata sehemu za ua, Emery akapata mto Ituri na vijito vyake, na Falone alipofunua kikaratasi chake akakuta maneno mawili tu: dessin, mkono. Darasa zima la finalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ualimu, lilimcheka. Hawakucheka kwa ubaya. Kila mtu aliyesoma Bunia anajua kwamba dessin, yaani kuchora, ni somo la Ijumaa saa ya mwisho, mwalimu amechoka na watoto wanawaza foufou ya nyumbani. Clarisse alimshika bega akampa pole kama ya msibani.

Kumbe huyo msichana hakuwa na nafasi ya kuchekwa. Kila finalisti alipaswa kufundisha somo moja katika darasa la kweli la watoto, mbele ya wakubwa wawili wanaokaa nyuma na kalamu zao, na asiyepita somo hilo havuki mwaka. Falone alikuwa ameanguka hapohapo mwaka uliopita. Walimpa sehemu za hesabu, akashika chaki, na mkono ukaanza kumtetemeka vibaya hata kile kistari cha kutenganisha namba ya juu na ya chini kikatoka na milima na mabonde. Chaki ikakatika. Watoto wakacheka. Mwalimu Anaclet, mwenye darasa lile, alimwambia mbele ya wote kwamba mtu anayetetemeka mbele ya watoto atafute kazi nyingine, kazi ziko nyingi.

Na kazi nyingine ilikuwa tayari inamngoja. Kaka yake Blanchard, mfanyabiashara wa Aru, alikwisha kusema kwamba akianguka tena apande gari aje mpakani kuuza ndoo na thermos dukani kwake. Falone hana ugomvi na ndoo. Ila tangu utotoni alitaka kufundisha, hakutaka kitu kingine, wala hakuweza kujiwazia akikaa nyuma ya meza ya duka akingoja wateja wa thermos.

Basi alifanya ujanja. Katika shule ile, somo la kuchora lilikuwa na njia moja tu, njia ya mwalimu Anaclet: anapiga miraba ubaoni kwa rula, anachora pera ndani ya miraba, watoto wanapiga miraba yao na kunakili. Ndiyo maana watoto wote waliopita mikononi mwake wanachora pera moja, lenye jani moja, limelalia upande uleule. Falone hakutaka miraba wala ubao. Angewaambia watoto waangalie mkono wa kweli na kuuchora. Alipowaeleza wenzake alisema ni njia ya kisasa, lakini ukweli usemwe: alikuwa anaikimbia chaki.

Hata hivyo, katika kuikimbia chaki alikutana na jambo ambalo hakulitegemea. Alikaa dirishani kwa mama yake, kule Saio, akaweka mkono wa kushoto, ule wenye saa ya mkanda uliofungwa kwa uzi, juu ya meza na kuuchora ili ajue atawaambia nini watoto. Mchoro wa kwanza ulifanana na reki. Wa pili ulifanana na ndizi zilizoungana. Akaangalia vizuri zaidi, na mara akaona kwamba kidole cha kati kimeegemea jirani yake, kwamba chini ya dole gumba kuna alama nyeusi, kwamba kucha yake ni pana kuliko alivyodhani, kwamba ngozi ya viungo imekunjwa kama nguo iliyokaa sandukuni. Miaka yote alikuwa na mkono huu na hajawahi kuuona! Akanogewa. Alichora mikono ya watu kanisani wakati wa mahubiri, akakodolea mkono wa mjomba wake ulioshika kikombe hata mjomba akamuuliza kama anataka chai. Kufika siku ya somo, woga wake haukuwa umekwenda popote, ila furaha nayo ilikuwapo, na viwili hivyo vilipanda pikipiki moja hadi shuleni Nyakasanza.

Darasa la sita lilikuwa limejaa. Nyuma kabisa waliketi mwalimu Anaclet, tai yake imekaza shingo, na inspekta Bernadette, mama mnene wa miwani ambaye hasemi sana, na kwa sababu hiyo kila mtu anamwogopa. Falone akasalimu, akagawa karatasi, akawaambia watoto wachore mkono.

Hakuna aliyegusa kalamu. Macho yote yalikwenda ubaoni, yakangoja. Mwisho akanyoosha kidole msichana wa dawati la mbele, jina lake Ushindi, mtoto ambaye swali halilali tumboni mwake hata usiku mmoja.

"Madamu, modèle iko wapi?"

Falone akamwambia kwamba leo ubaoni hapawekwi kielelezo, wachore tu mkono kama wanavyoujua. Mwalimu Anaclet akakohoa kikohozi ambacho hakikutoka kifuani. Watoto wakatazamana, wakainamia karatasi, na baada ya muda mfupi wakaanza kumaliza mmoja mmoja, haraka mno, wakijisifu kwamba ni kazi rahisi.

Falone akapita kuangalia. Dawati la kwanza akakuta mikono miwili chini ya bomba, na matone matatu ya maji. Dawati la pili, mikono miwili chini ya bomba, matone matatu. La tatu hivyohivyo. Akaharakisha mwendo, akapita mstari mzima, akarudi na mstari mwingine, na kila alipoinama alikutana na mikono ileile, bomba lilelile, hata kipande cha sabuni kimekaa upande uleule. Ndipo akakumbuka bango la kunawa mikono, lile lililobandikwa mlangoni mwa shule juu ya ndoo ya maji ya dawa tangu wakati wa Ebola. Watoto hawa walikuwa wanapita mbele yake kila asubuhi tangu wakiwa wadogo. Mtu alipowaambia "mkono", walichora mkono pekee ambao waliwahi kuuona umechorwa.

Somo lake lote lilikuwa limetengenezwa kwa watoto watakaochora vibaya, na hawa walikuwa wamechora vizuri sana, wote, mkono usio wa mtu. Akaangalia nyuma, mwalimu Anaclet alikuwa anatabasamu. Na hapo, badala ya kulia, Falone alishikwa na kicheko. Kilipanda chenyewe, akashindwa kukizuia, akacheka mbele ya inspekta mzima. Akachukua karatasi moja akaiinua juu.

"Huu mukono ni wa nani?"

Watoto wakaangalia karatasi zao.

"Ni wa affiche," akasema Ushindi, akionyesha upande wa bango la mlangoni.

"Affiche iko na mama?"

Darasa likaangua kicheko. Falone akawauliza, kama karatasi hii ingeanguka sokoni na mama wa mmoja wao akaiokota, angesema huu ndio mkono wa mtoto wangu? Wakakubali kwamba asingesema. Basi, akawaambia, mugeuze karatasi. Kila mtu amchore mwenziwe wa dawati, mkono wake wa kushoto, kwa sababu wa kulia unashika kreyon, na auchore hata mama mtu akiuona aujue bila jina kuandikwa.

"Na musichore kitu munajua," akamaliza. "Muchore kitu munaona."

Pakazuka shida nyingine. Mikono ya kushoto haikutoka. Ilijificha chini ya madawati, na kijana mmoja, Antoine, mtoto wa mzee wa kanisa, akaeleza kwa adabu kwamba nyumbani kwao wanasema mkono wa kushoto haupewi mtu. Wengi wakatikisa kichwa, ni kweli, nao wamefundishwa hivyo. Falone hakuwa amewaza jambo hilo hata kidogo.

"Haumupe," akamwambia. "Unamukopesha tu. Akimaliza atakurudishia."

Antoine akafikiri, akaona hoja ina miguu, akauweka mkono wake mezani mbele ya jirani yake Charlotte. Wengine wakafuata. Alibaki Ushindi peke yake, kwa maana mwenzake wa dawati alikuwa kwao na malaria. Falone akamwambia achore mkono wowote anaouona, kisha akaenda zake, kwa sababu huko nyuma mtoto mmoja alikuwa amekwisha kubandika mkono wa rafiki yake juu ya karatasi na kuuzungushia kalamu. Akamwambia hicho ni kivuli cha mkono, mwenyewe bado hajafika.

Mwanzoni walichora wakinung'unika. Halafu kitu kikawashika. Charlotte alipaza sauti kwamba Antoine anakula kucha za vidole viwili tu, vingine havigusi, kwa nini? Antoine akasema na yeye Charlotte ana kovu la kisu cha mihogo chini ya kidole cha shahada, na tangu darasa la tatu wanakaa pamoja hajawahi kuliona. Mwingine akagundua kwamba kucha ina mwezi mdogo chini yake, na darasa zima likaacha kazi kutafuta miezi. Mmoja akalia kwamba dole gumba haliangalii upande wa wenzake, limegeuka, limekasirika. Waliinuka, wakainama, wakasogeza pua hadi kwenye vidole vya wenzao. Waliofuta wakafuta tena. Kelele zilipanda hata mwalimu Anaclet akagonga meza, akagonga mara ya pili, na hakuna aliyemsikia.

Falone alikimbia kutoka dawati hadi dawati, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio kwa furaha. Huyu alimwambia aangalie nafasi iliyo kati ya vidole, yule alimwambia asiogope kuchora mkunjo hata kama si mzuri. Alipotaka kupumua alirudi mbele, akaegemea dawati la Ushindi kwa mkono wa kushoto, akasema na darasa akiwa hapo. Dawati lile lilikuwa zito, lilimsaidia kuficha, maana mkono ulikuwa unamtetemeka tangu asubuhi na haukuwa umeacha. Alidhani hakuna anayeona.

Alipoona kazi zimeiva alizikusanya, akazichanganya kama karata, akainua ya kwanza.

"Huu mukono ni wa nani?"

Watoto wakasimama. Kila mmoja aliangalia mchoro, akaangalia mikono ya jirani, ya mbele, ya nyuma, na ghafla sauti kumi zikapasuka pamoja kwamba ni wa Charlotte, kovu lile pale. Charlotte akauinua mkono wake juu na wenzake wakampigia makofi kana kwamba amefunga goli. Wa pili ulikuwa wa kijana mwenye dole gumba fupi, akajulikana hata kabla karatasi haijafika juu. Wa tatu ukaleta ubishi, ikabidi washukiwa wawili waje mbele kulinganishwa, na mwenye mkono akapatikana kwa kucha yake iliyopasuka. Falone alisahau kwamba kuna watu nyuma wenye kalamu. Alisahau Aru. Angeweza kufanya kazi hii hadi azeeke, na alilijua jambo hilo kwa mwili mzima.

Akainua karatasi nyingine.

Ulikuwa mkono uliolala pembeni mwa dawati, umechorwa na mtu mwenye jicho kali. Lakini kila kidole kilikuwa na mistari mitatu au minne, mmoja juu ya mwingine, hata usijue kidole kinaishia wapi. Watoto wakacheka. Mmoja akasema mtu huyu ana vidole vya kugawia familia nzima. Mwingine akasema ni Ushindi huyo, ameharibu.

Falone hakucheka. Aliona alama nyeusi chini ya dole gumba, na mkanda wa saa uliofungwa kwa uzi. Aliujua mkono ule kabla ya wote.

Ushindi alikuwa amesimama kwa hasira.

"Sikuharibu. Madamu alisema tuchore kitu tunaona. Ule mukono ulikuwa natetemeka. Kila mara niliangalia, nakuta iko fasi ingine. Njo nikachora fasi yote niliuona."

Watoto wakaitazama tena ile mistari, kila mmoja mahali mkono ulipokuwa umepita. Kule nyuma kiti cha mwalimu Anaclet kikalia, akachukua kalamu yake.

Ilikuwa rahisi kujiokoa. Neno moja tu lilitosha: mkono una mstari mmoja, Ushindi, urudie. Watoto wangecheka kidogo na kuendelea, karatasi ingeingia chini ya nyingine, na hakuna mtu ambaye angeuliza mkono ule ni wa nani. Falone alilifungua neno hilo mdomoni. Kisha akamwona yule mtoto, amebana kreyon, anangoja kuambiwa kama macho yake yana kazi au hayana. Maji alikwisha kuyavulia nguo. Akainua mkono wake wa kushoto, wazi, vidole vimeachana, kila mtu aone.

"Ushindi aliona muzuri," akasema. "Huu mukono ni wangu. Iko natetemeka juu niko naogopa. Kati yenu wote yeye njo aliuona."

"Unaogopa nani, madamu?" akauliza Antoine.

Falone hakumtaja mtu. Watoto wenyewe waligeuza vichwa, wote kwa pamoja, wakamwangalia mwalimu Anaclet. Na kengele ya mapumziko ikalia.

Walitoka mbio wakiinua mikono yao ya kushoto na kuonyeshana miezi ya kucha. Ushindi hakutoka. Alisema kazi yake haijakwisha, na mwalimu Anaclet alipomwonyesha mlango, inspekta akasema kwa sauti ndogo kwamba aachwe.

Desturi ya siku ile ni kwamba mwanafunzi aliyefundisha anasimama mbele, anasikia makosa yake, na hajibu mpaka aulizwe. Mwalimu Anaclet alikuwa nayo mengi. Hakukuwa na kielelezo ubaoni. Watoto waliacha viti. Darasa lilipiga kelele za soko. Kisha akafunga kalamu yake, akamwangalia Falone kwa macho ya mtu aliyethibitishwa.

"Mwaka uliopita mimi nilisema juu ya ule mukono. Leo mutoto ameuchora. Sina la kuongeza."

Inspekta Bernadette akavua miwani, akaifuta na kitambaa chake.

"Falone, mutoto wangu. Ungesema yule mutoto amekosea, ingepita. Juu ya nini haukusema?"

Falone alikuwa amesogea hadi dawati la mbele bila kujua, mkono wake umelala pale pale ulipokuwa ukiegemea wakati wa somo.

"Mama, ningesema vile, kesho angerudi kuchora affiche."

Na kwa kuwa ameulizwa, akaendelea. Akaeleza habari ya bango la mlangoni na matone yake matatu. Akasema yeye mwenyewe alianza kwa kuchora reki, akasema na kuhusu mjomba na kikombe chake. Akakiri pia kwamba njia hii aliichagua kwa kuogopa chaki, na kwamba ikiwa ni kosa basi waliandike, lakini watoto wameona, na mtu aliyekwisha kuona hawezi kurudishwa kwenye pera la miraba. Hilo la pera lilimtoka lenyewe. Mwalimu Anaclet akakaza tai yake.

Katikati ya maneno hayo Ushindi alimvuta nguo, akamwomba gomme. Falone akampa kifutio bila kumwangalia, akaendelea kusema. Mtoto akawa anainua macho kwenye mkono, anainamia karatasi, anafuta. Anainua macho, anafuta. Inspekta ndiye aliyeona kwanza, akanyanyuka kwenye kiti chake, akaja na uzito wake wote hadi dawati la mbele.

"Weye unafanya nini?"

"Saa hii mukono imetulia, mama," akasema Ushindi. "Naondoa mistari ya zamani."

Falone akautazama mkono wake. Ulikuwa umelala juu ya mbao kama mkono wa mtu mwingine, mzima, hautikisiki hata unywele. Hakujua ulitulia lini. Inspekta alivaa miwani, akaangalia mkono, akaangalia karatasi ambapo vidole vitano vilikuwa vinatoka kimoja kimoja katika vumbi la kifutio, kila kimoja na mstari wake mmoja. Akamwita mwalimu Anaclet aje aone. Mwalimu akaja polepole, akainama, akaangalia kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia, kisha mwenyewe akageuza kiganja chake cha kushoto akatafuta mwezi chini ya kucha.

"Umepita," akasema inspekta. "Kuanzia leo nitakuita mwalimu Falone."

Falone alimshukuru. Joto lilimpanda kutoka miguuni hadi masikioni, akacheka, machozi yakaja nayo, na alitaka kukimbia uani kuwaambia watoto wote, na Clarisse, na mama yake kule Saio.

Ushindi akaguna. Akaweka kifutio chini, akachukua tena kreyon.

"Madamu, tulia kwanza," akasema. "Imeanza tena."